Ua Mdogo na Mawimbi Yavukayo Bahari

Msikilizaji, mpenzi wa redio ya ridhaa aliyekwisha pata leseni, lakini nyumba yake ina ua wa mita 12 tu, huanza na swali moja: antena itakaa wapi? Jibu lake lilianza kutafutwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Antena hufuata urefu wa wimbi. Waya ulionyooshwa huhitaji nusu ya wimbi. Mlingoti wa wima huhitaji robo. Mwaka 1912, baada ya kuzama kwa meli ya Titanic, Marekani ilipitisha sheria iliyowasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, ambayo wataalamu waliyaona hayafai kwa masafa marefu. Hata hivyo, nusu ya wimbi hilo ni mita 100. Ua gani wa mjini ungeutosha waya huo?

Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alipiga hema pwani ya Ardrossan, Scotland, akatandaza waya wa mamia ya mita na kunasa ishara za wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, aliwasiliana na Fred Schnell wa Connecticut kwa mawimbi ya mita 100 hivi. Oktoba 1924, Cecil Goyder, mwanafunzi wa London, aliwasiliana na Frank Bell wa New Zealand.

Ikabainika kwamba tabaka la juu la angahewa huyarudisha mawimbi mafupi ardhini, mbali sana na yalikotoka. Mashirika ya utangazaji yakafuata njia hiyo: mwaka 1932 BBC ilianzisha idhaa ya masafa mafupi kwa makoloni, na mwaka 1957 ikaanza matangazo ya Kiswahili.

Kwa mwenye ua wa mita 12, basi, hesabu ni nyepesi. Bendi ya mita 20 hudai waya wa mita 10 tu. Mlingoti wa wima wa mita 5 huchukua nafasi ndogo zaidi na hufaa kwa nchi za mbali, ila hutaka nyaya zilizotandazwa chini yake. Bendi ya mita 40 hudai mita 20. Hapo ncha za waya hukunjwa kuufuata ukuta.

Sheria iliyokusudiwa kuwaweka kando watu wa ridhaa ndiyo iliyowapeleka kwenye mawimbi yanayoenea katika ua mdogo.