Kumbukumbu za Ndege na Wanyama katika Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Septemba unapofika, baridi ya uwanda wa Kitulo huanza kupungua, moshi wa mashamba yanayosafishwa hupaa juu ya mabonde ya Rungwe na Makete, na watu hutazama mbingu wakingojea mvua. Ndiyo majira ambayo mbayuwayu wa buluu hurejea kutoka kaskazini, katika nchi zinazopakana na Ziwa Viktoria, ili kujenga viota vyake Kitulo, mara nyingi ndani ya mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Mnamo Oktoba na Novemba hufuata wageni wa mbali zaidi: mbayuwayu wa Ulaya, vitwitwi na korongo weupe, ambao hushukia Usangu, Rukwa na kandokando ya mabwawa. Watu wa Ulaya huwahesabu ndege hawa kuwa dalili ya kwisha kwa majira ya baridi. Kwetu sisi ni dalili ya jembe.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi elimu ya ndege na wanyama wa Mbeya na Iringa ilivyokusanywa, ni nani aliyeikusanya, na iliwekwa wapi. Kwa majina hayo mawili tunakusudia nchi yote iliyokuwamo katika mikoa hiyo kabla ya kuundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012 na Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wa sayansi peke yao. Sivyo. Taifa lisilojua viumbe wanaoishi katika ardhi yake, wala majina yao, limepoteza sehemu ya utamaduni wake.

Elimu ya wazee

Kabla ya kuja kwa kalamu, kumbukumbu zilikuwapo. Mkulima alimsikiliza tipitipi na mumbi ili apate kujua kama mvua imekaribia. Mfugaji wa Usangu alijua ni wakati gani maji ya mbuga yangepwa na malisho mabichi yangejitokeza. Mvuvi wa Rukwa aliwatazama mwari ili ajue samaki walipo. Mwindaji wa misitu ya Rungwe aliwatambua wanyama kwa sauti zao hata pasipo kuwaona. Kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa mazingira yake, na mtihani wake ulikuwa njaa au shibe.

Hata hivyo, haifai kuisifu elimu hiyo kupita kiasi. Ilitunzwa vichwani, na kila mzee alipofariki alizikwa na sehemu yake. Aidha, ilieleza kwamba ndege fulani yupo, bali haikuhesabu ni wangapi. Kwa hiyo yaliposemwa maneno kama "zamani walikuwa wengi", hapakuwa na namna ya kupima ule wingi.

Wageni na makumbusho ya ng'ambo

Wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hii walianza kwa kubandika majina. Mwaka 1877 Frederick Elton, balozi mdogo wa Uingereza, alivuka uwanda wa Kitulo, na kwa miaka mingi ramani za wakoloni ziliuita Uwanda wa Elton. Mwaka 1880 Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa akaliita Leopold. Majina hayo yamekwisha. Kitulo na Rukwa yamebaki.

Majina ya ndege hayakubahatika hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyeitwa Friedrich Fülleborn alikusanya ndege wengi katika nchi za Rungwe na Uhehe. Ndege hao walikaushwa na kupelekwa Berlin, ambako mtaalamu Anton Reichenow aliwaeleza kitabuni. Mwaka 1900 peke yake, ndege kadhaa wa milima yetu walipewa jina la daktari huyo, na jina hilo wanalo hadi leo katika vitabu vya dunia nzima.

Lazima tuseme haki: kazi ile ilifanywa kwa uangalifu, na bila ya hiyo tusingekuwa na cha kulinganisha na hali ya leo. Lakini daktari yule hakuijua misitu hii. Walioijua ni waongozaji njia, wawindaji na wapagazi, na jina la ndege halikutoka kwao. Katika miaka ya 1930 mambo yalibadilika kidogo. Hubert Lynes, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu wa jeshi la maji la Uingereza, alichunguza ndege wa Ubena, Uhehe na Iringa, na ndege mmoja mdogo wa majanini aliyemweleza mwaka 1933 akamwita kwa jina la Njombe. Angalau mahali palitajwa, ingawa watu hawakutajwa.

Rukwa, nzige na korongo

Kumbukumbu za Rukwa zilianzia katika balaa. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, nzige wekundu walienea Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, wakala mimea na kuleta njaa. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali ambapo nzige hao huzaliana. Kwa hiyo mwaka 1949 ilianzishwa idara ya mataifa kadhaa ya kupambana nao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Desmond Vesey-FitzGerald, mmoja wa wataalamu wake, aliona kwamba huwezi kumwelewa nzige bila kuelewa majani anamotaga, maji yanayoyafunika majani hayo, na wanyama wanaoyala. Basi akaandika habari za bonde zima.

Miongoni mwa maadui wa nzige ni korongo mweupe, ambaye hufuata makundi ya wadudu nyikani. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua korongo wao hukaa wapi wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mmoja aliyechomwa shingoni kwa mshale wenye asili ya Afrika, naye akiwa ameruka nao mpaka huko. Ndege huyo angali anahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Silaha ya mwindaji wa Kiafrika ndiyo iliyowasaidia wataalamu wa Ulaya kupata jibu.

Rukwa yatufunza jambo jingine. Ziwa hili halina mto unaotoa maji yake, hivyo hujaa na kupungua sana kufuatana na mvua. Anayelitazama mwaka mmoja huweza kusema ni bahari, na mwenzake wa miaka mingine akasema ni tope. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wamekosea. Ukweli wa ziwa ni kumbukumbu ya miaka mingi.

Baada ya Uhuru

Mnamo Septemba 1961, katika Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, Mwalimu Julius Nyerere alikubali kwa niaba ya taifa lililokuwa likizaliwa kwamba viumbe hawa ni dhamana. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1980 zikaanzishwa klabu za Malihai kwa ajili ya vijana wa shule. Tangu miaka ya 1980, kutoka Iringa, Neil na Liz Baker wamekusanya taarifa za ndege wa nchi nzima kutoka kwa watazamaji wengi, na mnamo Januari 1995 ilifanyika hesabu ya kwanza ya pamoja ya ndege wa majini katika maziwa na mabwawa makubwa ya Tanzania.

Matukio mawili yaonyesha ni kiasi gani kilichobaki kujulikana. Mwaka 1991, watafiti waliopiga kambi katika msitu wa Ndundulu, Iringa, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Kitabuni aliingia mwaka 1994, lakini chunguni alikuwa amekwisha kuingia.

Tukio la pili ni la kipunji. Wawindaji wa Mlima Rungwe walizungumza juu ya kima mwenye haya waliyemwita kwa jina hilo. Watafiti walisikiliza, wakamtafuta, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata kima huyo akaonekana Ndundulu pia. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa, na miongoni mwa waandishi walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Safari hii jina la wenyeji ndilo lililoingia vitabuni: Rungwecebus kipunji. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kima 1,117. Hapo maneno ya wazee na hesabu ya daftari vilikutana.

Somo la Ihefu

Kwa nini tujisumbue? Jibu liko Usangu. Kinamasi cha Ihefu, chenye mwari, korongo na bata wa kila aina, ndicho kinachoulisha Mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi. Mwaka 1993 mto huo ulikoma kutiririka kabla ya mvua, na tangu hapo umekauka mara nyingi. Wengine waliwalaumu wafugaji, wengine wakulima wa mpunga. Vipimo vya maji ndivyo vilivyoonyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa na mifereji wakati wa kiangazi. Hata hivyo familia nyingi za wafugaji ziliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji yalikuwa yamepimwa. Ndege wa Ihefu walikuwa wamehesabiwa mara chache tu, na hakuna awezaye kusema kwa hakika ni wangapi waliopotea.

Basi kila shule iliyo karibu na maji, liwe Ziwa Ngosi, Ngwazi ya Mufindi, Mtera au bwawa la kijiji, yaweza kuwa na daftari lake. Mambo ya kuandika si mengi: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ndege walioonekana na idadi yao, na jina la kila ndege kwa lugha ya wenyeji. Liandikwe pia jina la mwanafunzi aliyeona, na la mzee aliyefundisha, ili kosa la zamani lisirudiwe. Daftari la mwaka mmoja ni zoezi la darasani, bali daftari la miaka 20 ni ushahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.