Moto wa Maní, au Kama ni Halali Kuchoma Vitabu

Mwaka wa jubilii ni mwaka wa shukrani, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimejaa shukrani kwa waliotutangulia. Walakini jubilii ni mwaka wa hesabu pia, na mfanya biashara mwaminifu haandiki faida peke yake katika daftari yake. Kwa hiyo tumeona vema kuleta hapa habari moja ya kazi ya misioni iliyotendeka mbali na kwetu, tupate kulijibu swali ambalo waalimu huulizwa na wanafunzi wao: Je, kuchoma vitabu ni dhambi?

Wako watakaojibu upesi kwa habari ya Efeso, katika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, jinsi watu waliotumia uganga walivyoleta vitabu vyao na kuviteketeza mbele ya watu wote, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Wako na watakaojibu kwa habari ya mfalme Yehoyakimu, katika sura ya 36 ya Yeremia, aliyelikatakata gombo la chuo kwa kisu na kulitupa motoni, hata Baruku akaliandika tena. Basi Maandiko yana moto wa namna mbili, wala si haki kuukumbuka mmoja na kuusahau wa pili. Na tuitazame habari ya Maní, tuone moto wake wafanana na upi.

Maní ni mji wa Yucatán, rasi iliyo mashariki ya nchi ya Meksiko, na wenyeji wake ni Wamaya. Wahispania walipofika huko, Wamaya walikuwa wameandika kwa maandiko yao wenyewe zaidi ya miaka 1,500. Vitabu vyao walivifanya kwa gome la mti wa jamaa ya mkuyu: walilipondaponda hata likawa karatasi, wakaipaka chokaa nyeupe, wakaikunja huku na huku. Humo waliandika hesabu za siku na miaka, safari za nyota, habari za miungu yao na sadaka zao. Wajuao kuvisoma walikuwa wachache, hasa makuhani na wakubwa.

Diego de Landa, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, alizaliwa Hispania mwaka 1524, akafika Yucatán mwaka 1549. Alijifunza lugha ya Kimaya kwa bidii, naye baadaye aliandika kwa uchungu juu ya ukatili ambao Wahispania wenzake waliwatendea wenyeji. Twayanena haya makusudi, maana ni rahisi kumdhania mchoma vitabu kuwa mjinga asiye na jema lo lote. Landa hakuwa mjinga, wala hakukosa bidii katika kazi yake. Ndiyo sababu habari yake yatupasa sisi tulio wa kazi ile ile.

Mwaka 1562 ziligunduliwa sanamu na mafuvu ya watu katika pango karibu na Maní, na waliozitumia walikuwa watu waliokwisha kubatizwa. Mapadre walishtuka sana, wakaanza kuwahoji watu kwa mateso. Waliwatundika kwa mikono na kuwapiga mijeledi ili waungame. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulihesabu watu zaidi ya 4,500 walioteswa, na 158 waliokufa kwa mateso hayo. Tarehe 12 Julai ya mwaka ule kukafanyika hukumu kubwa mjini Maní mbele ya watu wote. Sanamu zikavunjwa, na vitabu vya Wamaya vikatiwa moto.

Landa mwenyewe ameandika habari hiyo. Asema kwamba waliona vitabu vingi, na kwa kuwa hawakuona ndani yake ila ushirikina na uongo wa shetani, walivichoma vyote; tena asema kwamba wenyeji walihuzunika ajabu. Twamwomba msomaji asilipite neno hili mbio. Padre aliyaona majonzi ya watu wale, hata akayaandika, lakini hakuuliza wanalilia nini.

Wao walilia nini? Twaweza kujua kidogo, maana viko vitabu vinne vya Wamaya vilivyosalia. Vitatu vimo Dresden, Madrid na Paris. Cha nne kimo Meksiko, nacho kilitiliwa shaka miaka mingi, hata mwaka 2016 wataalamu waliokipima wakatoa hukumu ya kuwa ni cha kweli. Kitabu cha Dresden kina sura za miungu na sadaka zao. Katika jambo hili mapadre hawakusema uongo. Lakini kina na hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi, na za nyota iitwayo Zuhura. Wamaya walijua kwamba mzunguko wake ni siku 584, na kwamba mizunguko 5 ni sawasawa na miaka 8 ya siku 365. Hesabu hiyo ni kazi ya watu waliokesha wakitazama mbingu, mwana akishika mahali alipoachia baba. Ibada na elimu zilikuwa katika kurasa zile zile, na moto hauwezi kuchagua.

Habari haikuishia hapo. Mwaka ule ule wa 1562 alifika Askofu Francisco de Toral, naye alikuwa wa shirika lile lile. Akayakomesha mateso, akawafungua wafungwa, na Landa akaenda Hispania kujibu mashtaka. Huko, yapata mwaka 1566, aliandika kitabu juu ya nchi ya Yucatán na desturi za watu wake. Ndani yake alichora alama kadha wa kadha za maandiko ya Kimaya, akidhani ni herufi kama a na b zetu. Mwaka 1569 aliachiliwa, akarudi Yucatán mwaka 1573 akiwa Askofu, akafa mwaka 1579. Kitabu chake kikasahauliwa hata padre Mfaransa, Brasseur de Bourbourg, alipokuta nakala yake iliyofupishwa huko Madrid, akaipiga chapa mwaka 1864. Na mwaka 1952 Yuri Knorozov, mtaalamu wa Leningrad, alionyesha kwamba alama zile ni za silabi, na tangu hapo maandiko ya Wamaya yakaanza kusomeka. Hivyo Landa aliyevichoma vitabu ndiye aliyeacha msaada wa kuvisoma. Maandishi yaliyochongwa katika mawe yako mengi na yasomwa leo, lakini vitabu ni hivyo vinne tu.

Wamaya nao hawakunyamaza. Watoto wao walijifunza herufi za Kilatini katika shule za mapadre, na kwa herufi hizo wakaandika kwa Kimaya vitabu viitwavyo Chilam Balam, wakavihifadhi vijijini mwao. Kimoja ni cha Maní penyewe. Walifanya kama Baruku alivyofanya. Basi swali letu la kwanza limepata jibu: moto wa Maní haufanani na ule wa Efeso. Watu wa Efeso walivichoma vitabu vyao wenyewe, vilivyonunuliwa kwa fedha yao, wala hapana aliyewapiga. Kule Maní waliowasha moto si wenye vitabu, na wenye vitabu walikuwa wakilia.

Labda mtu atasema, Zamani zile watu hawakujua njia nyingine. Hii si kweli. Wakati ule ule, katika nchi ile ile ya Meksiko, alikuwako mtawa mwingine wa Mtakatifu Fransisko, Bernardino de Sahagún. Yeye naye aliichukia ibada ya sanamu, lakini alisema kwamba tabibu hawezi kuponya ugonjwa asioujua. Akakaa na wazee na vijana waliosoma, akawauliza habari za dini yao, dawa zao, ndege na miti yao, akaziandika katika vitabu 12 kwa lugha yao wenyewe na kwa Kihispania.

Hata pwani yetu yaijua njia hiyo. Edward Steere, aliyekuwa baadaye Askofu, alikusanya hadithi za watu wa Unguja na kuzipiga chapa mwaka 1870. Mombasa, padre William Taylor alisaidiwa na Mwalimu Sikujua kuyaandika mashairi ya Muyaka bin Haji, Mwislamu aliyekufa zamani kabla yao. Kama wangeyadharau kwa kuwa si ya dini yao, leo tungekuwa maskini wa lugha.

Twaona, basi, kwamba mtu aweza kukiteketeza kitabu chake mwenyewe dhamiri yake ikimshuhudia, na mwalimu aweza kukiweka juu kitabu kisichomfaa mtoto. Lakini kukichoma cha mwingine, asome asisome, ni dhuluma. Amedhulumiwa mwenyewe, wamedhulumiwa na wajukuu ambao hawajazaliwa, hata atakaye kuyakanusha maneno yake amenyang'anywa ushahidi. Kitabu chenye uongo chaweza kujibiwa kwa kitabu kingine. Kilicho jivu hakijibiwi, wala kikionewa hakiwezi kujitetea.

Ndugu waalimu, nanyi wazee wa makanisa, katika nyumba nyingi mna makaratasi ya wazee waliokufa: barua kwa herufi za Kiarabu, hesabu za ukoo, mashairi, majina ya dawa. Mara nyingi huchomwa siku ya kufagia nyumba, au siku mtu abatizwapo, kwa kuwa hapana ajuaye kuyasoma. Twawasihi msiyatie moto. Yafungeni katika kitambaa kikavu, yawekeni mbali na mchwa, andikeni juu yake jina la mwenyewe na la kijiji chake, hata apatikane wa kuyasoma.