Jaribio la FINGER

Hili ni jaribio la Ufini lililoongozwa na Miia Kivipelto na kuchapishwa mwaka 2015. Wazee 1,260 wa miaka 60 hadi 77, walio katika hatari ya ugonjwa wa kusahau, walifuatiliwa miaka 2. Nusu yao walinyanyua vyuma, walifanya mazoezi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, wakashauriwa kuhusu lishe na kupimwa shinikizo la damu. Wengine walipata ushauri wa kawaida tu. Katika vipimo vya akili, maendeleo ya nusu hiyo yalizidi ya wenzao kwa asilimia 25. Wakosoaji husema haijulikani kipi kati ya vipengele hivyo kilisaidia, na ni kweli. Lakini ubongo hulishwa na mishipa ileile inayoharibiwa na shinikizo na sukari. Kuutenga na mwili ndiko kungehitaji ushahidi.