Dakika Sita za Kutazama Utumbo

Mwaka 1969 madaktari Wolff na Shinya wa New York, Marekani, waliondoa kivimbe ndani ya utumbo mpana bila kupasua tumbo, wakitumia mpira unaopindika uliopitishwa njia ya haja kubwa. Vivimbe vingine hugeuka saratani. Je, kila daktari huviona? Utafiti wa Illinois uliochapishwa mwaka 2006 ulifuata madaktari 12. Waliochukua wastani wa dakika 6 au zaidi kuutoa mpira walipata vivimbe kwa watu 28 katika kila 100. Wenye haraka, 12 tu. Lakini penye kinyesi hata mwenye subira haoni. Mama, mgonjwa wako akipewa dawa ya kusafisha tumbo, hakikisha ameimaliza yote kama alivyoelekezwa.