Mipango miji, Butembo na Beni
Utaratibu wa kugawa viwanja na kukagua majengo katika miji miwili ya Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo yote ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2003. Sheria ya ardhi ya 1973 inaitaja ardhi kuwa mali ya Serikali pekee. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji. Machifu wa kimila, hata hivyo, bado wana sauti kubwa, hivyo parseli (kiwanja) moja huweza kudaiwa na watu wawili.

Butembo, mji wa wafanyabiashara wa kabila la Wanande, umejengwa zaidi kwa fedha za watu binafsi. Katikati ya mji kuna magaleri: maduka chini, ghala au makazi juu, na ghorofa huongezwa kadiri mtaji unavyoruhusu. Kibali cha kujenga kinachotazama parseli moja moja hakitoshi hapa, kwani mji uko juu ya vilima na maji ya mvua ya jirani wa juu humharibia wa chini.

Beni imebanwa na vita. Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika eneo hilo mwaka 2014, wakimbizi kutoka vijijini wameongeza mahitaji ya makazi katika komuni zake nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori.