Biomekanika ya Mbio kwa Vijana wa Kenya

Biomekanika ya mbio ni elimu ya namna mkimbiaji anavyoisukuma ardhi, nayo ardhi ikamsukuma. Kwa vijana wenye afya, ambao mifupa yao ingali inarefuka, wapimaji hutazama sehemu ya wayo inayotua kwanza, pembe za goti na kifundo, urefu wa hatua na idadi ya hatua kwa dakika. Kamera ya kasi inatosha kwa mengi ya hayo. Kishindo chenyewe hupimwa kwa bamba lililofukiwa njiani.

Utafiti unaotajwa mno ulichapishwa katika jarida la Nature Januari 2010 na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, akiwemo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Moi. Miongoni mwa waliopimwa walikuwa vijana wa shule mbili za Bonde la Ufa: 16 waliozoea kukimbia pekupeku na 17 waliozoea viatu. Wa pekupeku walitua kwa kisigino asilimia 12 tu. Wenzao, wakiwa na viatu, walifika asilimia 97, na hata walipovivua walibaki kwenye 62. Mazoea hayatoki mguuni upesi hivyo.

Kisigino kikitangulia, muundi husimama ghafla na kishindo hupanda mara moja. Ikitangulia sehemu ya mbele, kifundo hukunjika, na msuli wa shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino hubeba mzigo. Mkimbiaji hukanyaga takriban mara 600 kwa kilomita.

Wapenzi wa kukimbia pekupeku walishangilia matokeo hayo mapema mno. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake walipima Wadaasanach 38, watu wazima wa kaskazini mwa Kenya wasiovaa viatu: kwa mwendo wa masafa marefu waliojichagulia, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kasi ilipoongezeka, baadhi walibadili mtuo.

Kwa hiyo takwimu za Bonde la Ufa hazihamishiki hivi hivi hadi Kiritiri, Mbeere Kusini. Eldoret, huko Bonde la Ufa, imepita mita 2,000 juu ya bahari. Kiritiri iko chini zaidi, kwenye nyanda kavu za Embu karibu na mabwawa ya Mto Tana. Mwalimu wa michezo anayewarekodi wanafunzi wake huko anahitaji kuandika kasi, aina ya kiatu na hali ya njia, na kupima urefu wa miguu kila muhula, kwani kijana anayerefuka hubadilisha hatua bila kufundishwa.