Shahada na Kazi Nchini Misri

Wengi hudhani kijana akishapata shahada, riziki yake imekwisha patikana. Natuitazame Misri. Mwaka 1961 Al-Azhar iliongezewa masomo ya utabibu, uhandisi na ukulima. Mwaka 1962 ada ya vyuo vikuu ikafutwa. Na mwaka 1964 serikali ya Gamal Abdel Nasser ikapitisha sheria ya kumpa kazi kila aliyehitimu chuo kikuu. Ilikuwa neema kubwa kwa watoto wa wakulima, ambao wengi wao baba zao hawakujua kusoma wala kuandika.

Lakini vyuo vilijaa upesi kuliko maofisi. Kazi ya mtu mmoja ikagawiwa watu kadhaa, mishahara ikanyauka, na ilipofika miaka ya 1980 mhitimu alingoja miaka kabla ya kuitwa. Na ajabu ni hii: katika miaka ya 1970 waashi na maseremala walikuwa adimu, kwani wengi walikwenda Ghuba na Libya, na fundi aliyebaki akichuma kuliko karani. Hata hivyo shule ya ufundi ilihesabiwa kuwa ya walioshindwa mitihani. Nani aliwafundisha wazazi kuionea haya nyundo? Ahadi yenyewe haikuvunjwa kwa tangazo. Foleni ilirefuka tu, na wenye shahada wakaonekana wakiendesha teksi Cairo.